Dakika Tano za Punje

Kabla ya siku ile sikuwahi kukitukana kiyoyozi mbele za watu. Tulikuwa tumesimama katikati ya chumba kipya cha watoto njiti, mimi, Mama na mdogo wangu, tumevua viatu na kuvaa zile kandambili za hospitali zinazoteleza, huku Sista Mkuu wa wodi akituonyesha mahali Punje atakapolazwa. Chumba kilinukia rangi mbichi. Kuta nyeupe pee, madirisha makubwa ya vioo yasiyofunguka ili vumbi lisiingie, na mashine za joto zimepangwa safu moja, kila moja na kifuniko chake kinachong'aa. Mdogo wangu alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Mara umeme ukakatika.

Umeme kukatika si ajabu. Jenereta likanguruma nje, taa zikarudi, mashine zikalia pii, zikaendelea na kazi.

"Mmeona?" Sista Mkuu akasema. "Watoto hata hawatajua kama ulikatika."

Mama na mdogo wangu wakacheka. Mimi nilikuwa natazama juu ya mlango, kwa sababu kiyoyozi kilikuwa kimya. Nikasubiri. Sista akaeleza habari za kunawa mikono, akaeleza habari za zamu za kunyonyesha, na mimi bado nasubiri. Jasho likaanza kunitiririka mgongoni. Mama akajipepea kwa ncha ya mtandio wake. Mwishowe mdogo wangu mwenyewe akauliza, "Mbona kuna joto humu?" na kile kidude kule juu bado kimenuna.

"Si uwake, mshenzi wewe!" nikakiambia kwa sauti.

Sista Mkuu alinitazama kama mgonjwa aliyepotea wodi. Mdogo wangu yeye alitazama mkono wangu. Nikiwa na wasiwasi natafuna kucha, tangu utotoni, na hakuna anayelijua hilo kuliko yeye.

"Dada, kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu," nikamjibu, kidole kimo mdomoni.

Punje ni mtoto wake. Jina la kweli lilikuwa linamsubiri baba yake arudi safarini; sisi tukamwita Punje kwa sababu alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo wa kukaa kwenye viganja viwili na nafasi ikabaki. Alikuwa amelazwa chumba cha zamani, watoto wawili wawili kwenye mashine moja, na ndani ya chumba hicho yalikuwa yameingia maambukizi. Asubuhi unakuta mashine moja tupu, imetandikwa shuka safi, na ndugu wote tunapita pale macho chini, hatuulizi. Kwa hiyo kila mtu alikuwa anakililia chumba kipya. Watoto wangehamishwa alasiri ya siku hiyohiyo, na Punje angetangulia kwa sababu ndiye mdogo kuliko wote.

Sasa, kazi yangu mimi ni kuyajenga majengo ndani ya kompyuta na kuona yatashika joto kiasi gani. Chumba kile nilikichora mimi: kila ukuta, kila kioo, bati la juu na ile dari yake nyembamba kama biskuti. Lakini aliyeiendesha hesabu ya mwaka mzima na kuandika ripoti ni bosi wangu, ambaye ofisi nzima tunamwita Bwana Kawaida, kwa kuwa ukimuuliza lolote anakujibu, "Hiyo ndiyo kawaida." Mshahara ukichelewa, kawaida. Bomba la choo likipasuka, kawaida.

Programu zetu hazilitazami jengo muda wote. Zinatazama, zinafumba macho, zinatazama tena, na katikati hapo zinachukulia kwamba mambo yalikwenda shwari. Ule muda wa kufumba macho tunauita hatua, na hatua unaichagua wewe mwenyewe. Ukichagua saa nzima, kazi inaisha chai ikiwa bado moto. Bwana Kawaida huchagua saa nzima. Kwa jengo la mawe mazito hakuna neno, maana jengo lenyewe lina usingizi, halishtushwi na kitu cha mara moja. Lakini chumba cha bati, kioo kinaelekea jua la jioni, dirisha halifunguki? Hiyo ni kama kuinjika maziwa kisha ukachungulia sufuria mara moja kwa saa. Ukiondoka yamo, ukirudi yamo, na hujui kwamba katikati yalifura yakamwagikia jiko.

Na zile mashine za watoto, wengi hawajui, zinajua kupasha tu. Kupoza hazijui. Chumba kikizidi joto, mtoto yuko ndani ya kisanduku chake, joto juu ya joto, na mtoto wa kimo cha Punje hata jasho hajajua kulitoa.

Nikawaacha wenzangu, nikaenda kwenye kibanda cha jenereta. Fundi umeme wa hospitali alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta zaidi ya mikono yenyewe.

"Habari za kazi, fundi. Kiyoyozi cha chumba cha njiti mbona kinachelewa kuwaka?"

"Hakichelewi, dada yangu. Kimepangwa mwisho. Jenereta haliwezi kubeba vyote kwa mkupuo mmoja. Zinaanza mashine, taa, chumba cha upasuaji, majokofu ya dawa, pampu ya maji, ofisi za utawala, halafu ndiyo hicho."

"Ofisi za utawala kabla ya watoto? Nani kakipanga mwisho?"

"Nyinyi," akasema, bila ubaya. "Ripoti ya ofisi yenu ilisema chumba kile hakipandi joto umeme ukikatika. Nikaona basi, hicho hakina haraka, wenye haraka watangulie."

Nikashika ukuta.

"Na siku hizi umeme unakatika vipi?"

"Mchana? Unakonyeza tu. Unakuja, unaondoka. Na kila ukiondoka foleni inaanza upya."

Nilimpigia Bwana Kawaida pale pale, jenereta likinipigia kelele sikioni. Nikamuuliza aliiendesha ile hesabu kwa hatua gani.

"Saa moja. Hiyo ndiyo kawaida."

"Bosi, umeme unakatika na kurudi ndani ya saa hiyohiyo moja! Programu imefumba macho, haijaona kitu."

"Ripoti imepita na ina muhuri. Usinianzie mambo, niko kikaoni," akasema, akakata simu. Nilimtukana pia, lakini huyo alikuwa hanisikii.

Sista Mkuu alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyekesha siku nyingi.

"Binti, nikwambie ukweli," akasema. "Kule kwenye chumba cha zamani watoto wanaambukizana. Kila saa ninayowaacha mle nacheza na roho zao. Kusimamisha nitasimamisha, lakini niletee kitu cha kushika mkononi. Wasiwasi wako siwezi kuwapelekea wazazi."

Na alikuwa na haki, hilo ndilo lililonichoma. Nikinyamaza na chumba kikapanda joto, nimemchoma Punje. Nikisimamisha uhamisho na kumbe chumba ni kizima, nimemfungia Punje na maradhi. Nilitaka kulia. Badala yake nikajikaza kisabuni, nikaenda kukaa kwenye benchi la korido, kati ya Mama na chupa yake ya chai, nikafungua laptopu.

Mwaka mzima usingewezekana, ungeisha kesho yake. Nikakata wiki moja tu ya joto kali, chumba kimoja tu na majirani zake, nikaiwekea ratiba ya umeme jinsi nilivyouona asubuhi ile na jinsi fundi alivyonieleza. Likabaki swali moja, hatua. Na kwa kuwa nilikuwa na hofu, nikafanya anachofanya mtu mwenye hofu: nikachagua ndogo kupita zote. Dakika moja. Nisifumbe macho kabisa. Nikabonyeza, mstari wa kuonyesha maendeleo ukaanza kutambaa kama konokono mgonjwa.

"Haraka haraka haina baraka, mwanangu," Mama akaniliwaza, akinimiminia chai.

Tulikaa. Wauguzi walipita na mashuka. Dirishani jua lilikuwa linahama, na mimi nalifuata kwa macho likielekea upande wa vile vioo. Baadaye Mama akachungulia laptopu yangu, akaguna, "Lakini nayo ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Mama, chagua moja!"

Mdogo wangu akatoka chumba cha zamani, mkono ukutani, anatembea kwa kubembeleza mshono wa upasuaji. Akasimama mbele yangu.

"Mwenzake Punje wa mashine moja kapata homa," akasema. "Wamemtoa sasa hivi. Dada, Sista kaniambia unataka kusimamisha. Nakuomba, acha."

"Nipe muda kidogo tu, nione."

"Uone nini? Michoro? Mwanangu yuko mle ndani!"

"Kwangu pia ni mwanangu!"

"Basi kama ni mwanao, mtoe." Sauti ilimkatika. "Akifa mle akisubiri kompyuta yako, usiniite mdogo wako tena. Nimesema."

Akageuka, akarudi ndani. Nilitaka kumfuata, lakini laptopu ikalia. Nikatazama. Ilikuwa imesimama, maandishi mekundu yamejaa kioo.

Ningejua! Hapana, nilijua, hofu tu ilinisahaulisha. Chumba kile bati lake jepesi, ila ukuta wa nyuma ni wa jengo la zamani, wa mawe, mnene kupindukia. Ukuta mnene joto linapita ndani yake polepole, na ukiupimia kwa hatua fupi mno hesabu zake zinaweweseka, zinatoa majibu ya kichaa, kisha programu inasusa. Saa nzima ilikuwa kipofu, dakika moja imerukwa na akili, na jua limeshafika kwenye vioo. Kwenye korido nikasikia wauguzi wakiulizana nani atashika mlango.

Nilikuwa na nafasi ya kuchagua mara moja tu. Dakika kumi ingeisha upesi kweli. Lakini kiyoyozi kile kinanuna muda ambao dakika kumi ingekichungulia mara mbili tu, ikajiendea zake. Sista angeniuliza mlima wa joto uko wapi nami nimwonyeshe kichuguu. Dakika tano, ukuta ungevumilia? Sikujua. Nikakosea kuandika, nikafuta, nikaandika tena. Tano. Nikabonyeza, nikaitia laptopu mapajani kama mtoto.

Magurudumu yakaanza kusikika. Hayo ni magurudumu madogo ya plastiki, yana mlio wake, na mlio ule sitausahau. Mlango wa chumba cha zamani ukafunguliwa, mashine ya Punje ikatoka, muuguzi mbele, muuguzi nyuma, mdogo wangu pembeni kashika ukingo. Hakunitazama. Mstari wangu ulikuwa umevuka nusu. Walipita mbele ya benchi letu. Nilimwona Punje, kofia yake ya sufu imemfunika hadi kwenye nyusi, mdomo unanyonya hewa. Robo tatu. Wakafika kwenye kona.

Ikaisha.

Nikafungua mchoro. Mstari wa ripoti yetu, ule wa saa moja, ulikuwa umelala chali, umetulia zake. Juu yake ukapanda ule wa dakika tano kama ngazi: umeme unakatika, joto linapanda, kiyoyozi kinawaka, joto linaanza kushuka, na kabla halijashuka umeme unakatika tena. Panda, shuka kidogo, panda zaidi. Jioni chumba kilikuwa na joto la mwili wa mtu mwenye homa. Na kuta zote zimekubali, hakuna hata moja iliyoweweseka.

Nilikimbia. Kandambili moja ikabaki kwenye benchi.

"Simameni! Sista, simameni hapo!"

Sista Mkuu alikuwa ameshashika kitasa cha chumba kipya. Nikampa laptopu, nikamwonyesha kwa kidole, nahema, sina hata sentensi iliyonyooka. Aliufuata mstari wa juu kwa macho.

"Hapa ni saa ngapi?"

"Jioni. Kama saa hizi na kuendelea."

"Na mtoto akiwa ndani ya mashine?"

"Zaidi ya hapo."

"Ripoti ina muhuri wa ofisi yenu. Ofisi yenu sasa inasema nini?"

Simu yangu ilikuwa sikioni tayari, inaita kwa Bwana Kawaida, inaita, haipokelewi. Nikaikata.

"Ofisi inasema subirini," nikasema. "Mimi ndiye ofisi."

Sista akaachia kitasa. "Rudini," akawaambia wauguzi wake.

Mashine ikageuzwa. Mdogo wangu alisimama pale kwenye kona, mikono imeanguka, akanitazama jinsi unavyomtazama mtu aliyekupora mchana kweupe. Afadhali angenipiga.

Kesho yake asubuhi Punje alikuwa na homa.

Nilipofika nilimkuta mdogo wangu amekaa karibu na mashine, amenipa mgongo. Nikamsalimia, hakugeuka. Daktari alikuwa ameshachukua damu na kuanza dawa. Mama alikuwa kwenye benchi, chupa ya chai imefungwa, hakutoa methali hata moja, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilijiona nimeua. Nasema hivyo hivyo, nimeua, na ule mchoro wangu mzuri sikutaka hata kuuona.

Bwana Kawaida alikuja mwenyewe, tai imekaa upande, amevimba.

"Umesema ofisi. Ofisi ya nani? Ya baba yako?"

Sikuwa na nguvu ya kugombana, mimi, ambaye naweza kugombana na mlango. Nikamsukumia laptopu. Alianza kusoma akiwa amesimama, akamaliza akiwa amekaa.

"Kwa nini si dakika moja?" akauliza, sauti imeshuka.

"Ukuta wa mawe unavuruga hesabu. Nilijaribu."

"Na kumi?"

"Inaficha nusu ya mlima."

Akavua miwani, akaifuta kwa tai. Kutoka pale tulipokaa alikuwa anauona mgongo wa mdogo wangu kupitia kioo cha mlango. "Yule ndiye mama wa mtoto?"

"Ndiye. Na mtoto ana homa."

Hakusema hiyo ndiyo kawaida. Aliinuka, akaenda kwa wakubwa wa hospitali, na tukasikia sauti yake huko ndani, maana kuvipeleka viyoyozi vya ofisi mwisho wa foleni kulihitaji kikao kirefu kuliko vyote. Alipotoka akamfuata fundi umeme, akamwambia mbele yangu, "Ripoti yetu ilikosea. Kipange cha watoto mbele." Kisha akanigeukia. "Uandike dakika tano. Na uandike kwamba kuanzia leo, hiyo ndiyo kawaida." Siku nyingine ningecheka.

Fundi alifanya kazi kutwa, na mimi kutwa sikutulia mahali pamoja: nikienda kwa fundi nasikia waya zinakatwa, nikirudi mlangoni naona mgongo wa mdogo wangu. Homa ilikataa kushuka. Punje akalala nayo, akaamka nayo. Mchana wa siku ya pili daktari akatoka, akamwambia Mama, si mimi, kwamba dawa imekubali. Mama akafungua chupa ya chai. Nusu ya chai ikaenda sakafuni.

Wakamhamisha Punje alasiri hiyo, chumba kikiwa kimejaribiwa na Sista Mkuu mwenyewe, kazima na kuwasha hadi fundi akaomba msamaha. Mdogo wangu aliniruhusu niingie. Kuniruhusu kwenyewe kulikuwa neno moja, "Pisha," aliponikuta nimeziba mlango. Punje akawekwa chini ya dirisha la tatu, kioo sasa kimebandikwa shuka zito la kuzuia jua. Nikasimama nyuma, nisionekane.

Umeme ukakatika.

Hakuna aliyesogea. Jenereta likanguruma. Taa zikarudi, mashine zikalia pii. Nikatazama juu ya mlango, na kidole kilikuwa kimeshafika mdomoni bila kuniuliza. Kimya. Nikamwomba Mungu, na kwa mara ya kwanza nikakiomba radhi kiyoyozi. Kikakohoa, kikatetemeka, kikaanza kupuliza.

Hewa ya baridi ikanifika usoni. Nikashusha mkono.

Ndipo nikaona kwamba mdogo wangu hakuwa anatazama kiyoyozi, wala hakuwa anamtazama mwanawe. Muda wote ule alikuwa ananitazama mimi.

"Umeushusha," akasema.

"Nini?"

"Mkono. Nilikuwa nasubiri uushushe mkono." Akavuta kiti hadi kwenye mashine ya Punje, akakaa taratibu, akavua zile kandambili. Tangu ajifungue sikuwa nimemwona akifumba macho. "Basi leo nalala, dada. Mwangalie."

Akaegemeza kichwa kwenye kifuniko, akapitiwa na usingizi hapo hapo, mdomo wazi. Na mimi nikabaki nimesimama, nikimtazama Punje, nikitazama juu ya mlango, nikimtazama Punje, mpaka Sista Mkuu alipokuja kuniambia kwamba zamu imekwisha na hata wauguzi huwa wanakaa.